Siku Ulipowaaga Wazee Wetu

Mpendwa Baba,

Jumapili iliyopita kigango chetu kilifanya jubilei. Kanisa walilipamba kwa vitenge na maua ya karatasi, Padri akaja na wageni kutoka Mpanda, na kwaya zikaimba mpaka vumbi likatimka. Kabla ya chakula kijana mmoja wa kamati alisimama kusoma historia ya kigango. Alipofika kwa makatekista wa mwanzo alilisoma jina lako, akasema ulifundisha dini hapa "kwa kipindi fulani", akaenda kwa wa pili. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wazee wenzangu, machozi yakaanza kunitoka. Mwenzangu akauliza, "Vumbi limekuingia, mama?" Nikamjibu ndiyo, vumbi.

Kipindi fulani, Baba! Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili, na nimelala nayo juma zima. Ndiyo maana nakuandikia. Na sitaifunga barua hii. Atakayetaka kuisoma na aisome, maana waliokujua wamebaki wachache, na wengine wao hawasikii tena vizuri.

Mimi nakukumbuka kwanza kule tulikotoka, ng'ambo ya mto Kavuu, kabla hatujaletwa barabarani. Nyumba zilikuwa mbalimbali, kila ukoo na eneo lake, mashamba ya mpunga chini mbugani na mizinga ya nyuki juu miombo ilikoanzia. Kanisa letu lilikuwa la fito na nyasi, na Padri alifika kwa pikipiki mara chache tu kwa mwaka, mvua zikiruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa ni wewe. Ulitoka shambani, ukanawa miguu, ukavaa shati lako jeupe lenye kola iliyogeuzwa, ukatufundisha kwa maswali na majibu. Nani aliyekuumba? Mungu ndiye aliyeniumba. Tulijibu kwa Kiswahili, lugha ya shule na ya kanisani. Tukitoka nje tulirudi kwenye Kipimbwe chetu.

Jioni nilikuwa nakwenda kulala kwa Bibi, mama yako, na kule nako kulikuwa na maswali yake. "Aliyemzaa babu yako ni nani?" Kapele. "Aliyemzaa Kapele?" Nkamba. "Aliyemzaa Nkamba?" Nikikosea, alinigusa goti kwa kidole kimoja, tunaanza upya. Nyuma ya nyumba yake ndiko walikolala wote hao, chini ya mawe, na kila alipovuna ulezi Bibi aliwapelekea unga kidogo mkononi kabla sisi hatujaonja.

Wewe hukukanyaga huko. Mama alinisimulia kwamba babu alipofariki wazee wa ukoo walikuja kukukabidhi kazi yake, ya kusema na waliotutangulia kwa niaba ya ukoo wote. Ulikuwa mwana wa kiume pekee aliyebaki. Uliwaambia, "Mimi nimeshabatizwa, wazee wangu. Siwezi kushika kuwili." Walisimama wakaondoka bila kunywa maji. Na Bibi hakusema nawe tangu kupanda mpaka kuvuna. Chakula alikuletea, akakiweka mlangoni, akaenda zake.

Mimi nilipopata akili mlikuwa mmeshazoeana tena, kila mtu na njia yake. Unaikumbuka ile jioni ya kupura mpunga, ulipokuwa unajiandaa kwa somo la Krismasi? Ulikuwa unasoma kwa sauti majina ya ukoo wa Yesu, huyu akamzaa yule, yule akamzaa huyu, na Bibi alikuwa anapepeta pale pembeni. Aliacha kupepeta. Ulipomaliza akasema, "Kumbe na wenyewe wanawahesabu watu wao."

Ukacheka. "Wanawahesabu sana, Mama."

"Basi mbona mimi unaniambia niache?"

Ulifunga kitabu, ukaenda kumshikia ungo upande mmoja, mkapepeta pamoja mpaka giza likaingia.

Ulimwomba mara nyingi abatizwe, na kila mara alikujibu hivyo hivyo, bila hasira. "Nyie wote mmeshaingia huko. Na mimi nikiingia, nani atabaki na hawa?" Akaelekeza mdomo kule nyuma ya nyumba.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kwanza tulisikia redioni kwa mwenye duka, tukadhani ni mambo ya mbali. Baadaye wakaja viongozi wenyewe, wakafanya mkutano, wakasema kabla ya mvua kila mtu awe amehamia kijiji cha ujamaa kule barabarani, ambako kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Wengine walifurahi. Mama alifurahi, kwa sababu alikwishazika watoto wawili kwa kukosa dawa, na neno zahanati lilimwingia moyoni. Wewe ulisikiliza tu, umeshika kofia yako kwa mikono miwili.

Lori lilipokuja upande wetu, watu waliambiwa waezue nyumba zao ili wasirudi. Tulipandisha vinu, vihenge vya nafaka, kuku waliofungwa miguu, na milango. Bibi hakuonekana. Nilitumwa kumwita, nikamkuta kule makaburini, amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayeota jua. Nilirudi nikakuambia. Ulikwenda, nami nikakufuata nyuma.

"Mama, gari linasubiri."

"Liende."

"Wataivunja nyumba yako."

"Waivunje. Nyumba nilijenga mwenyewe kwa mikono hii, najua ilivyo rahisi kuvunjika." Akakutazama. "Mwanangu, hawa wanajua tunakwenda wapi?"

Uliyatazama yale mawe.

"Unga nimewapa miaka yote, mikono ya mwanamke inatosha kwa unga. Lakini neno la kuhama halisemwi na mwanamke aliyeolewa. Linasemwa na mwana wao. Mimi siwezi kuwaacha hivi hivi kama watu tuliogombana nao. Wakija kutuamkia wakakuta hatupo?"

Kule mbele dereva alikuwa anapiga honi. Mama alikuwa anaita jina lako. Ulisimama pale, Baba, na mimi nilikuwa mdogo lakini niliona uso wako ulivyobadilika. Misheni ilikuwa mbali, kwenda na kurudi kwa mguu jua lingekuchwa, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Ulivua viatu ukaviweka pembeni. Ukapiga magoti kwenye vumbi ukasema, "Nifundishe. Sijui inavyosemwa."

Bibi alifungua pindo la kanga yake akatoa unga, akakutilia kiganjani. Alisema neno, nawe ukalifuata. Alisema jina, nawe ukalirudia. Kapele. Nkamba. Sokolo. Wengine hata mimi sikuwajua. Uliwaambia kwa Kipimbwe kwamba tumepelekwa, hatukuwatoroka. Kwamba tunakwenda mahali ambako jua linatokea, kando ya barabara ya magari. Kwamba watoto ni wadogo na njia ni ngeni, wasitukasirikie. Sauti yako ilikatika mara mbili, na Bibi alikungoja kama wewe ulivyokuwa unatungoja sisi darasani. Unga ulipokwisha ulijifuta mkono, ukafanya ishara ya msalaba, ukasali Baba Yetu kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Bibi alisubiri umalize. Kisha akakupa mkono umwinue, akatembea mwenyewe mpaka kwenye lori.

Ulimweka Bibi katikati ya magunia, ukamkinga na vumbi kwa koti lako.

Ni nani aliyempelekea Padri habari, sikupata kujua, na wewe hukutaka kujua. Watu walikuwa wengi pale siku ile. Alikuja mwezi uliofuata, tukiwa bado tunalala kwenye vibanda vya majani katika kijiji kipya, na baada ya misa akakuita mbele ya watu wote. Sitaki kumsema vibaya. Ndiye aliyembeba Mama kwa pikipiki yake usiku wa mvua alipokuwa anataka kufa na mimba. Aliogopa kwamba akikuachia wewe, kigango kizima kitarudi kwenye matambiko.

"Ni kweli ulitambika?"

"Niliwaaga wazazi wangu, Padri. Nikawamwagia unga, nikawaambia tunahama. Halafu nikasali Baba Yetu."

"Sikuulizi ulisali nini baadaye. Unatubu mbele ya waamini, au hutubu?"

Ukasema taratibu, "Nina dhambi nyingi, Padri, na zote nazitubu. Hii nimeitafuta moyoni kila siku tangu tuje. Sijaiona bado. Nikiiona nitakuja kwa miguu mpaka misheni."

Basi akakuvua kazi ya ukatekista, na akasema usipokee komunyo mpaka utakapotubu. Watu walitazama chini. Mama alitoka nje akilia. Wewe ulikwenda ukamkabidhi ufunguo wa sanduku la vitabu vya kanisa, ukamsalimia kwa mikono miwili, ukamshukuru kwa kuja.

Mama alikusihi usiku na mchana. "Sema tu umekosa, mume wangu, neno moja tu. Watoto wananyooshewa vidole." Ulimjibu, "Mama Sesilia, nikisema uongo ili nikampokee Bwana, nitakuwa nampokelea wapi?" Hakukuelewa, na kwa muda mrefu alikuwa anakuandalia chakula bila kukaa nawe.

Hukukosa misa hata Jumapili moja. Ulikaa benchi la nyuma karibu na mlango pamoja na wakatekumeni wanaongoja ubatizo na akina mama wenye watoto wanaolia. Katekista mpya alikuwa kijana mzuri lakini kusoma kulimpa tabu, aliruka mistari, mara nyingine alisoma somo la juma lililopita. Wewe uliyajua yote kwa kichwa na hukutikisa hata nyusi. Wenzetu walipoinuka kwenda kupokea, wewe ulipiga magoti mahali pako ukainamisha kichwa. Siku moja tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikuuliza, "Baba, inauma?"

"Inauma, mwanangu," ulisema. "Inauma kama njaa. Lakini mtu mwenye njaa hajaacha kupenda chakula."

Zahanati ilikuwa bado haijajengwa mvua zilipoanza. Maji ya bomba pia. Tulichota kwenye dimbwi na wanyama, na watu wakaanza kuharisha. Bibi alishikwa miongoni mwa wa kwanza. Alikuwa mwepesi kama mtoto ulipokuwa unamtoa nje kumwosha. Mchana mmoja, mvua ikiwa imepumzika, alikuambia umkalishe aegemee ukuta. Mimi nilikuwa nimeshika kibakuli cha uji.

"Sasa nibatize," alisema.

Ulidhani homa ndiyo inasema. "Mama, mimi nimevuliwa kazi. Ngoja nitume mtu misheni."

"Mto umejaa, nani atavuka? Wewe ulinifundisha mwenyewe kwamba mtu akiwa anakufa yeyote anaweza kumbatiza. Au ulinidanganya?"

"Sikukudanganya."

"Basi. Nilikuwa nimekaa kwa ajili ya wale. Umeshawaaga, wamesikia. Sasa nimebaki peke yangu, naweza kwenda popote." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ila niambie kitu kimoja. Huko unakonipeleka, nitawakuta?"

Nilikuangalia, Baba. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona swali la dini likikushinda. Ulikuwa na jibu la kila kitu, nani aliyekuumba, amekuumba kwa nini. Ulimshika Bibi mikono yote miwili, ukasema, "Sijui, Mama. Hilo sikufundishwa. Lakini nitamwomba kila siku, mpaka achoke na mimi."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Nadhani kama ungemjibu ndiyo kwa haraka asingekuamini. Ulimuuliza anataka jina gani, akauliza bibi yake Yesu aliitwa nani. Ana, ukamwambia. "Basi mimi ni huyo, wa bibi." Ulichota maji kwa kata, ukammiminia kichwani, ukasema yale maneno, na machozi yako yalikuwa yanaangukia pamoja na maji kwenye nywele zake nyeupe. Hakumaliza juma.

Alitaka kulazwa kando ya babu. Alikwisha kusema hivyo tangu zamani. Lakini Kavuu ulikuwa umekula kivuko, na kule kwenyewe viongozi walikuwa wamekataza mtu yeyote kurudi. Ulitembea mpaka mtoni mwenyewe, ukayatazama maji, ukarudi umelowa mpaka kiunoni. Tukamzika pembeni ya kijiji, kwenye ardhi ambamo hakuna mtu wetu aliyewahi kulala. Katekista kijana alikuja, hakujua kama amzike kama Mkristo au la. Alikunyooshea kitabu. "Soma wewe, mzee, mimi siwezi."

Ulimrudishia. "Kazi ni yako, mwanangu. Soma polepole, tutakungoja."

Akasoma polepole. Ulisimama na watu wengine, umeshika jembe. Nilitaka kupiga kelele, Baba. Mama yako alikuwa anashuka kaburini na wewe ulikuwa unaitikia amina kama mpita njia.

Mvua zilipokatika Padri alikuja, akaelezwa. Alisema ubatizo ule ni wa kweli, maji ni maji. Akakuambia, "Mama yako ni Mkristo kamili. Wewe bado nakungoja." Ukamwambia, "Asante kwa ajili ya Mama, Padri." Mkaachana hivyo. Baadaye akarudi kwao, na nasikia hata alipokuwa anaaga aliuliza habari zako.

Miaka ikapita, nikakua, nikaolewa upande wa Majimoto, nikakaa huko mpaka niliporudi hapa uzeeni. Kila kiangazi nilisikia kwamba umevuka mto peke yako, umekwenda kufyeka majani kule kwa wazee, umerudi. Viongozi walijua, wakawa wanageuza macho. Mwisho ulianza kukohoa, ukawa huvuki tena. Nilipokuja kukutazama nilikuta mabega yamebaki mifupa, na bado Jumapili ulijikongoja mpaka kwenye benchi lako.

Mwaka huo alikuja Padri mpya, kijana wa huku huku kwetu. Wakati wa Kwaresima Mama alimweleza habari yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Na alisali Baba Yetu pale pale?" Mama akasema ndiyo. Akasema Pasaka ikipita atakuja mwenyewe nyumbani akurudishie komunyo, hakuna haja ya kusimamishwa mbele za watu tena. Mama alitoka kule kama msichana. Alipaka upya udongo mweupe ukutani, akaazima kitambaa cha meza. Wewe ulipoambiwa ulinyoa ndevu.

Pasaka ilipita na barabara ilikuwa matope matupu. Padri alikwama njiani, akarudi. Ulimngoja siku ile, umekaa kwenye kiti mlangoni umevaa shati jeupe, mpaka jua likazama. Kesho yake ulimngoja tena. Juma lililofuata ukashindwa kutoka kitandani, na kabla barabara haijakauka ukatuacha. Mimi nilikuta umeshafungwa sanda.

Padri alipofika alikuta kaburi lina siku chache tu. Alisimama pale na viatu vyake vya matope, akamwambia Mama, "Nimechelewa." Mama akajibu, "Umechelewa, mwanangu," akamkaribisha ndani ale.

Hayo ndiyo niliyonayo, Baba. Kule ng'ambo sasa ni pori la wanyama, askari hawaruhusu mtu kupita, na hata tungeruhusiwa sidhani kama miguu yangu ingefika. Wajukuu zako wamebatizwa wote. Mmoja yuko seminari. Mimi nasali rozari yangu na sijaacha kukuuliza maswali, ulikosa au hukukosa, na siku nyingine jibu linakuja hivi, siku nyingine linakuja vile. Kinachoniuma zaidi si hilo. Kinachoniuma ni kile kiti mlangoni.

Jana nilikwenda kwa Padri wa sasa, nikamwomba Jumapili hii baada ya matangazo anipe nafasi niseme katekista wetu wa kwanza alikuwa mtu gani. Alisema, "Sema, mama, ila usirefushe." Naogopa. Sijazoea kusimama mbele za watu, na sijui nitaanzia wapi, kwenye lori, au kwa Bibi, au kwenye benchi. Nafikiri nitaanza kwa kuwaambia kwamba ulikuwa na sauti nzuri, kwamba ulipoanzisha wimbo asubuhi watu waliokuwa mashambani ng'ambo ya mto waliacha majembe yao wakaupokea kutoka huko huko walikokuwa.

Ubaki salama ulipo, Baba yangu. Sisi huku tunaendelea.

Ni mimi binti yako,
Sesilia